Chuma Hakijui Kaskazini

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, vijana wangu wa sayansi na wazazi mliowasindikiza, hamjambo. Nimepewa dakika arobaini nieleze kwa nini nyuga za sumaku za nyota na sayari hugeuka, kaskazini ikawa kusini na kusini ikawa kaskazini. Nitaanza na trekta.

Nilipokuwa kijana nilijifunza umeme wa magari kwa fundi mmoja mzee. Siku moja tuliletewa trekta la zamani, la enzi za dainamo, kabla altaneta hazijaenea. Lilikuwa limelala muda mrefu na dainamo yake ikawa haitoi kitu. Nikadhani imekufa. Mzee akanijibu, "Haijafa, mwanangu, imesahau. Ikumbushe." Dainamo ya aina ile haina sumaku ya kudumu ndani yake. Ina vipande vya chuma vilivyozungushiwa waya, na chuma kile hubaki na usumaku kidogo sana, kama harufu ya ubani kwenye nguo iliyofukizwa juzi. Shafti ikianza kuzunguka, usumaku ule mdogo huzaa umeme kidogo. Umeme huo hupita kwenye waya na kuongeza usumaku. Usumaku ulioongezeka huzaa umeme zaidi, na mambo huenda hivyo mpaka taa zinawaka. Lakini ile harufu ikiisha kabisa, hakuna pa kuanzia. Kuikumbusha maana yake ni kuchukua waya wa betri, kugusa mara moja panapohusika, cheche moja, basi.

Nikagusa. Tukawasha trekta. Mshale wa ampea ukakimbilia upande usio wake, na kile kiswichi kidogo cha kukata umeme kikatoa cheche mpaka kikashikana. Kumbe ile betri iliyokuwa sakafuni nilikuwa nimeigusisha kinyume, chanya mahali pa hasi.

Kilichoniudhi ni kwamba dainamo haikuwa na kasoro yoyote. Injini ilizunguka upande ule ule, mkanda ule ule, shafti ile ile, na umeme ulitoka wa kutosha. Ulitoka tu kinyume, kwa sababu ile chembe ya usumaku iliyoanzisha mambo ilikuwa kinyume. Mashine yenyewe haikuwa na habari kwamba kuna upande sahihi.

Kama mtasinzia kuanzia sasa, sitawalaumu, kwa sababu jibu nimeshalitoa. Wasiosinzia tuendelee.

Tunasema uga wa sumaku. Uga ni neno la zamani, ule uwanja ulio wazi mbele ya nyumba. Mwenyewe hakai pale kila saa, lakini ukikanyaga unajua umeingia kwa mtu. Napenda neno hili kuliko mengine yaliyojaribiwa. Ukiwa na dira mkononi uko katika uga wa Dunia, na sindano inakuonyesha mwenyewe yuko wapi. Tabibu wa Kiingereza William Gilbert aliandika mwaka 1600 kwamba Dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Alipatia kwa sababu chanzo kiko ndani, si kwenye nyota ya kaskazini kama baadhi ya watu wa zamani walivyodhani. Alipokosea ni kudhani kwamba ni sumaku kama jiwe. Chuma kikifika nyuzi joto 770 hupoteza usumaku wake wote, na kiini cha Dunia kina joto la maelfu ya nyuzi. Huko hakuna sumaku inayoweza kudumu.

Halafu, hata kama umeme ungekuwa umeanza kuzunguka kiinini tangu zamani, ungezimika wenyewe katika makumi machache ya maelfu ya miaka, kwa sababu chuma hukinza umeme na kuugeuza joto. Lakini kuna miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 3.4 iliyobeba alama ya uga huu. Kwa hiyo kuna anayekanyaga pedali. Mwaka 1919 mwanafizikia Joseph Larmor alipendekeza, akizungumzia Jua, kwamba kimiminika kinachopitisha umeme kikisukasuka kinaweza kuwa dainamo inayojilisha yenyewe. Wazo hilo ndilo lililohamishiwa kwenye Dunia.

Shukeni chini kilomita 2,890. Mwamba unakoma, mnaingia katika bahari ya chuma kilichoyeyuka chenye nikeli na elementi nyingine nyepesi. Bahari hiyo inashuka hadi kilomita kama 5,150, ambapo mnagonga kiini cha ndani, tufe la chuma kigumu lenye nusukipenyo cha kilomita 1,220 hivi. Dunia inapoa polepole, na inavyopoa, chuma huganda juu ya tufe lile. Kikiganda huziacha nyuma zile elementi nyepesi, nazo hupanda juu kama mapovu ndani ya sufuria. Joto nalo linasukuma. Mchafuko huo ndio pedali. Mwendo wake ni kama nusu milimita kwa sekunde. Konokono wa kawaida angeupita bila kuhema. Lakini kina ni zaidi ya kilomita 2,000 na muda haukosekani. Mzunguko wa Dunia unaukamata mchafuko huo na kuusokota, chuma kinapanda na kushuka huku kinajizungusha kama kizibuo cha chupa. Huko kusokotwa ndiko kunakofanya kazi ya waya wa fundi wangu: kunachukua uga uliopo, kunaunyoosha, kunaukunja, na kuzaa uga mpya ulioelekea kule kule ulikoelekea wa kwanza.

Sasa tafuteni kalamu. Umeme unaozaliwa kwenye chuma kinachotembea ndani ya uga unalingana na uga wenyewe: ugeuze uga, umeme nao unageuka, na umeme uliogeuka hulisha uga uliogeuka. Hakuna mgongano. Je, chuma kinachosukumwa kinahisi tofauti? Nguvu ya sumaku inayokisukuma chuma ni zao la umeme na uga. Vyote viwili vikigeuka pamoja, tunazidisha hasi kwa hasi, na mtoto wa darasa la saba anajua jibu ni chanya. Nguvu ile ile, upande ule ule. Chuma kilichoyeyuka hakina njia yoyote ya kujua kaskazini iko wapi. Milinganyo inaruhusu hali mbili zilizo sawa kabisa, na kila sayari iliyowahi kuwasha dainamo yake iliangukia mojawapo kwa bahati ya mwanzo.

Ndiyo maana mimi naona swali la leo limekaa kichwa chini. Tunauliza kwa nini uga hugeuka, kana kwamba kugeuka ni ajali. Mchafuko ulioko chini ni wa fujo, pande zote mbili ni halali, hakuna mlinzi. Linalohitaji maelezo ni kwa nini uga haugeuki kila siku. Na jibu la Jua ni tofauti sana na la Dunia, ingawa vitabu vingi huyaweka katika aya moja.

Tuanze na Jua, kwa sababu lenyewe tunaliona. Mwaka 1908 George Ellery Hale, akiwa Mount Wilson, Marekani, aligundua kwamba madoa meusi ya Jua ni mahali penye sumaku kali mno, mara maelfu ya ile inayosogeza sindano ya dira yako. Madoa hutoka mawilimawili: moja linatangulia katika mwelekeo wa mzunguko, jingine linafuata, na ncha zake ni kinyume, kama miguu miwili ya upinde uliochomoza kutoka chini. Hale na wenzake wakaona jambo la ajabu zaidi. Katika nusu ya kaskazini karibu madoa yote yanayotangulia huwa na ncha ya aina moja, na kusini huwa na ya pili. Miaka kama 11 ikipita, mzunguko mpya wa madoa ukianza, mpangilio wote umebadilishana. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, Harold Babcock aliona ncha zenyewe za Jua zikigeuka, ya kusini ikitangulia na ya kaskazini ikafuata baada ya mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo Jua linamaliza duru yake kamili, kutoka kaskazini hadi kaskazini tena, kwa miaka 22.

Linafanyaje? Jua ni plazma, yaani gesi iliyopata joto hadi atomi zake zikaachana na elektroni, na uga hunasa ndani ya plazma kama nyuzi ndani ya unga uliokandwa. Sasa, Jua halizunguki kama mpira. Katikati, kwenye ikweta, linamaliza mzunguko kwa siku 25 hivi. Karibu na ncha linachukua siku zaidi ya 30. Chukueni uzi mmoja wa uga uliosimama wima kutoka ncha hadi ncha. Baada ya miezi michache tumbo lake limetangulia mbele. Baada ya miaka michache umelizunguka Jua mara nyingi kama uzi kwenye kibiringo. Uga uliokuwa wima sasa umelala, na umekuwa mkali. Mahali fulani unakuwa mkali mno hata unaelea juu, unatoboa uso wa Jua na kutengeneza upinde. Hayo ndiyo madoa mawili.

Hapa pana kitu kidogo ambacho ningependa mkishike vizuri, maana siri yote imo humo. Upinde ule unapopanda, mzunguko wa Jua huupinda kidogo, kwa hiyo madoa hayakai sambamba na ikweta. Linalotangulia hukaa karibu zaidi na ikweta, linalofuata hukaa mbali zaidi, upande wa ncha. Ni digrii chache tu za mwinamo. Madoa yakivunjikavunjika, mabaki ya yale yaliyotangulia hukutana na ndugu zao wa nusu ya pili ng'ambo ya ikweta, wakafutana. Mabaki ya yale yaliyofuata husombwa na mkondo wa juu unaoelekea kwenye ncha kwa kasi ya mita 10 hadi 20 kwa sekunde. Na yale yanayofuata, kwa mpangilio wa Hale, karibu siku zote hubeba usumaku ulio kinyume cha ncha wanayoiendea. Wanafika na kuanza kuifuta ncha ya zamani kidogo kidogo. Ikisha kufutika yote, wanaendelea kuja. Ncha mpya imezaliwa.

Mmeona kwamba hakuna aliyekuja kuligeuza Jua? Uga wima unazaa uga wa kulala, na uga wa kulala unazaa uga wima ulio kinyume cha bibi yake. Kugeuka kumo ndani ya kazi yenyewe, kama pumzi: ukishavuta sharti utoe. Ndiyo maana Jua linatunza zamu yake karibu kama saa. Saa mbovu, nakubali, mara miaka 9, mara 13, na kati ya 1645 na 1715 madoa yalikaribia kutoweka. Lakini zamu ipo.

Dunia haiko hivyo. Dunia haina zamu.

Tulijuaje kwamba inageuka, wakati hakuna binadamu aliyewahi kushuhudia na kuandika? Lava ikitoka ni ya moto mno kushika usumaku. Ikipoa chini ya nyuzi 580 hivi, chembe zake za magnetiti, madini yenye chuma, hujipanga kufuata uga wa siku ile na kubaki hivyo. Kila mwamba wa volkano ni dira iliyogandishwa. Mwaka 1906 Mfaransa Bernard Brunhes alipima lava huko Pontfarein, katikati ya Ufaransa, akakuta inaelekeza kinyume. Mtu mwingine angesema kipimo kimeharibika. Brunhes akapima na udongo ulio chini yake, ule uliochomwa na lava ikipita juu, nao ulielekeza kinyume kwa namna ile ile. Udongo na lava ni vitu viwili tofauti, havingeweza kukosea pamoja. Mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani akaonyesha kwamba kuna mpangilio wa umri: miamba michanga inaelekeza kama leo, mikubwa zaidi inaelekeza kinyume.

Wengi hawakusadiki, na walikuwa na sababu nzuri. Kuna miamba michache ambayo kemia yake huifanya ishike usumaku kinyume bila uga kugeuka. Ubishi ulikwisha miaka ya 1960, ilipowezekana kupima umri wa lava kwa potasiamu na argoni: miamba ya umri mmoja, popote duniani, ilielekeza upande mmoja. Katika orodha ya vipindi iliyotengenezwa wakati huo kuna kipindi kiitwacho Olduvai, kwa sababu lava iliyokitambulisha iko chini ya bonde lile lile la Tanzania lililotupa mabaki ya binadamu wa kale. Kilianza miaka milioni 1.95 hivi iliyopita na kuisha milioni 1.77. Mwanajiolojia wa Japani au wa Chile akikuta kipindi hicho katika matope ya baharini, analiandika jina la Olduvai bila hata kuwaza.

Rekodi ikishasomwa, fujo yake inashangaza. Kugeuka kwa mwisho kulikamilika miaka kama 780,000 iliyopita. Kabla ya hapo kuna vipindi vya makumi ya maelfu ya miaka, na vingine vya mamia ya maelfu. Halafu, katika enzi ya dinosaria, kuanzia miaka milioni 121 hivi hadi milioni 83 iliyopita, kuna kimya cha karibu miaka milioni 38 bila kugeuka hata mara moja tunayoitambua kwa uhakika. Hiyo si saa mbovu. Hiyo ni kete inayotupwa.

Nani anatupa kete? Juu ya kiini, kwenye mpaka wa chuma na mwamba, kuna mahali ambapo uga unatoka kinyume na jirani zake. Ni mabaka. Kubwa liko chini ya Atlantiki ya kusini na kusini mwa Afrika, na kwa sababu yake uga juu ya Atlantiki ya kusini na Amerika ya Kusini ni dhaifu, hata setilaiti zikipita pale mitambo yake hupigwa na chembe za mionzi kuliko kwingineko. Mabaka haya huzaliwa na kufa na mchafuko. Mara nyingi hufa. Mara chache moja linakua, linaungana na lingine, linasogea kuelekea ncha, na uga mkuu unapungua. Ukipungua sana, Dunia inabaki na nyuga ndogondogo zilizotapakaa, ncha nne au sita, kila mmoja mkubwa kwake. Kisha mchafuko unaanza tena kulea, na unalea ule utakaokuwa umezidi kidogo siku hiyo. Ndiyo waya wangu kwenye betri: sekunde moja ya kugusa, na dainamo inakwenda na upande ilioupata.

Lakini mara nyingi inarudi ilikokuwa. Miaka 41,000 hivi iliyopita uga ulishuka hadi sehemu ndogo ya nguvu yake ya leo, sindano ya dira ingekuwa imezunguka hadi kusini, kisha ukarudi. Tunajua kwa lava za Laschamps, Ufaransa. Majaribio ya namna hiyo yaliyoshindwa ni mengi kuliko yaliyofaulu, na wengi wetu tunaamini sababu mojawapo ni lile tufe gumu la katikati. Bahari ya chuma inaweza kubadili mawazo katika miaka mia chache. Tufe gumu halisukwi. Uga wake hubadilika kwa kupenya tu, na kupenya huchukua maelfu ya miaka. Ni kama mzee kwenye kikao. Vijana wameshakubaliana, yeye bado anasema subirini. Wasiposhikilia msimamo wao muda wa kutosha, kauli ya mzee inarudi. Ndiyo maana pia kugeuka kwenyewe huchukua maelfu kadhaa ya miaka badala ya wiki moja.

Kuhusu baka lile la kusini, kuna kazi moja nitakaa nayo kidogo, kwa sababu inanipendeza kuliko zote. Kando ya mto Limpopo, miaka mia kadhaa iliyopita, wakulima wa enzi ya chuma walichoma vibanda na maghala yao ya nafaka kama tendo la kutakasa, nyakati za ukame kwa mfano. Moto ulikuwa mkali hadi udongo wa sakafu ukaiva kama tofali la tanuri. Udongo ukiiva na kupoa hufanya kile kile lava inachofanya. Wanasayansi wakiongozwa na John Tarduno walichimbua sakafu hizo, wakapima, wakatangaza mwaka 2015 na tena 2018 kwamba uga wa eneo hilo umeyumba na kudhoofika zaidi ya mara moja katika karne zilizopita. Udhaifu wa leo wa kusini, kwa hiyo, si jambo jipya, na huenda mwamba mkubwa wa moto ulioko juu ya kiini chini ya Afrika ndio unaochochea mabaka yazaliwe pale. Wakulima waliokuwa wakiomba mvua walituachia kipimo cha kitu kilichoko kilomita 2,890 chini ya nyayo zao.

Kuna atakayesema haya yote ni hesabu na mawe. Basi twende Cadarache, Ufaransa. Huko watafiti walichukua silinda, wakajaza lita zaidi ya mia moja za sodiamu iliyoyeyuka, wakaweka pangaboi mbili za chuma, moja kila upande, zinazosukasuka kimiminika hicho. Sodiamu hupitisha umeme vizuri sana, na ikigusana na maji hulipuka, kwa hiyo msijaribu nyumbani. Mwaka 2006 sodiamu ilianza kutengeneza uga wake yenyewe. Pangaboi zikazungushwa kwa kasi zisizolingana, na uga ukaanza kugeuka, bila mpangilio, bila mtu kugusa kitu. Unabaki upande mmoja, unadhoofika, unaruka upande wa pili. Pangaboi muda wote zinazunguka vilevile. Nilipoona mchoro wake mara ya kwanza nilikumbuka mshale wa ampea wa trekta, tofauti ni kwamba safari hii hapakuwa na kijana mzembe na betri yake. Miaka kumi na moja kabla, 1995, Gary Glatzmaier na Paul Roberts walikuwa wamekwisha kuiona Dunia ya kompyuta ikigeuza uga wake baada ya makumi ya maelfu ya miaka ya hesabu. Hawakuiamuru igeuke.

Nyota nyingine? Zipo. Tau Boötis hugeuza uga wake haraka kuliko Jua, na 61 Cygni A ina mzunguko wa miaka 7 hivi unaofanana sana na wa Jua. Zipo pia nyota za moto zaidi zenye sumaku kali ambazo hatujaziona zikigeuka, kwa sababu uga wake unaelekea kuwa urithi wa tangu kuzaliwa, usiolishwa na dainamo. Kwenye Jupita na Zohali dira ingeelekeza kusini, kinyume na huku kwetu. Hali mbili zilizo sawa, kama nilivyosema, na kila mmoja ameangukia yake. Zuhura haina uga wake. Mirihi ilikuwa nao, ukazimika, ukaacha alama kwenye miamba yake.

Sasa lile la simu zenu. Kila baada ya miezi michache mtu hunitumia ujumbe kwamba ncha za Dunia zinakaribia kupinduka, bara litahamia barafuni, tutakufa wote. Dunia haipinduki. Hata chuma kilichomo ndani hakipinduki. Ni kweli uga mkuu umepungua karibu asilimia 10 tangu mwanahisabati Mjerumani Gauss alipoupima miaka ya 1830, na ni kweli ncha ya kaskazini ya sumaku, ambayo James Clark Ross aliifikia mwaka 1831 kaskazini mwa Kanada, imekimbilia upande wa Siberia, kuna miaka imekwenda zaidi ya kilomita 50. Lakini hata baada ya kupungua, uga wa leo bado una nguvu ukilinganisha na wastani wa zamani, na kupanda na kushuka kwa asilimia 10 ni kawaida yake. Ukigeuka, hauzimiki kabisa, na juu ya vichwa vyetu kuna hewa, ambayo hukinga mionzi mingi kuliko uga. Wazee wetu wa kale walipita katika migeuko kadhaa na mawe yao mikononi. Hatuoni katika visukuku kwamba viumbe vilikufa kwa wingi kila uga ulipogeuka. Tatizo letu litakuwa setilaiti na nyaya ndefu za umeme, na tutakuwa na karne nyingi za kujiandaa.

Binti mmoja aliniuliza mlangoni kabla sijapanda hapa: Mwalimu, tunaweza kuuona uga ukiwa katikati ya kugeuka, siyo kabla wala baada? Nikamwambia akae mbele. Kwa Dunia, hapana, labda wajukuu wa wajukuu zake. Kwa Jua, ndiyo, na picha zipo. Tukiwa hapa duniani hatuzioni ncha za Jua vizuri, tunalitazama kwa ubavu. Machi 2025 chombo cha Ulaya kiitwacho Solar Orbiter kilipita nyuzi 17 chini ya ikweta ya Jua na kuchungulia ncha yake ya kusini, wakati huo huo Jua likiwa katikati ya zamu ya kugeuka. Kwenye ramani ya sumaku, upande mmoja wa usumaku umepakwa rangi moja na wa pili nyingine. Watu walitarajia waone ipi inashinda. Waliona rangi zote mbili, vipande vipande, zimechanganyika mpaka kwenye ncha kabisa, hakuna iliyokuwa imeishika ncha ya kusini ya Jua.